Kwa Miguu Mpaka kwa Kosmasi

Alhamisi, 5 Septemba

Kesho naenda! Kwa miguu, peke yangu, kutoka Kilembe nikikata vilima mpaka juu ya Bwera, kwa mzee Kosmasi, mkubwa wa wale wanaopeleka wageni mlimani. Amesema nikifika Jumamosi kabla jua halijazama, Jumatatu napanda nao. Nikidandia bodaboda hata kidogo, basi, nirudi kwetu. Ameambia watu kwamba mtoto wa kambi ya jeshi anajua lami tu. Tutaona!

Baba amecheka mpaka akakohoa. Halafu ikatoka sauti yake ya kazini, ya Sajini Oryem: tembea, usisimame-simame. Usiongee na kila raia. Ukipotea, usionyeshe. Askari haulizi njia! Ndiyo, afande. Mama amenifungia odi, ufuta na karanga za kusaga za kwetu Kitgum, ya kutosha kikosi kizima.

Naitaka hii kazi mno.

Ijumaa, 6 Septemba

Kyarumba. Nimefika! Miguu ipo, vidole sijui. Gambuti za Baba ni kubwa, nimejaza magazeti ndani, sasa magazeti yamekuwa uji. Watu wa kanisa wamenipa benchi la kulala. Nimekula odi na muhogo. Leo nimetembea kijeshi, sijasimama kwa mtu. Baba angefurahi.

Jumamosi, 7 Septemba, mchana

Nalia. Hakuna anayeniona, basi nalia.

Asubuhi mambo yalikuwa safi. Kule juu kwenye migomba nikapishana na wamama wamebeba kahawa. Wabukiri, wakanisalimia! Mimi nikainua mkono tu, nikapita. Mmoja akaniita kwa nyuma. Akaita tena. Wengine wakacheka. Nikasema moyoni, wanacheka gambuti zangu. Nikaongeza mwendo! Kushuka, kushuka, mvua, matope, nimeanguka mpaka nimezoea. Nafika mtoni Nyamugasani — daraja hakuna. Nguzo mbili tu. Maji yana rangi ya chai ya maziwa na yanaburuta mawe, nasikia yanavyogongana.

Simu haina netiweki. Mabati ya ng'ambo nayaona yanang'aa, karibu hivi!

Wale wamama walikuwa wananiambia. Ndicho alichokuwa anaita yule mama. Mjinga mimi! Afande, hapa tumekosea.

Nirudi juu kote kule? Magoti yanakataa. Sawa, magoti, tutaongea baadaye.

Jumamosi hiyo hiyo, jua linashuka

Nimempata! Aliyeniita anaitwa Yunia. Nimemkuta nyumbani kwake anaanua kahawa kwa sababu ya mvua. Nikaweka mzigo chini, nikapiga goti kama tunavyofanya kwetu, nikasalimia wote: yeye, mume, watoto, mbuzi, mpaka kahawa. Kikonzo changu cha sokoni kikaniishia kwenye mbuzi, nikamalizia na Kiswahili. Yunia alicheka mpaka akashika mbavu.

— Sisi tulikuita, mutoto! Wewe ulipita kama lori ya jeshi. Kuuliza si ujinga!

Mto ulichukua daraja wiki iliyopita. Sasa watu wanavukia juu kidogo, kwenye mawe makubwa. Lakini huku mutu havuki peke yake, anasema. Unaita kwanza. Wa ng'ambo wanakuja na kamba, wanakushika. Ni desturi yao tangu babu zao.

Hapo nikaogopa kweli. Kosmasi alisema peke yangu! Nikishikwa na kamba za watu, bado nimekuja peke yangu? Nikamwambia Yunia kila kitu, karibu nilie tena. Akaonja odi niliyompa, akaonja tena, akajifunga kitenge vizuri akanishusha mpaka mtoni.

Sasa nimekaa juu ya jiwe, naandika nikingoja. Jua limebaki kidogo juu ya milima ya Congo. Kwa Kosmasi ni kilima cha pili tu kutoka ng'ambo. Nikivuka sasa hivi, nafika. Nikichelewa hapa, basi.

Yunia ameita kwamba kuna binti anakwenda kwa Kosmasi, anataka kuvuka. Weee, sauti gani ile! Mtu wa kilima cha ng'ambo akaipokea, akaitupa kilima cha pili. Halafu wanaume wawili wakatokea kwenye migomba, wanashuka na kamba. Na jibu likaanza kurudi, kilima kwa kilima.

Nimemuuliza Yunia wanasema nini. Anasema ni Kosmasi mwenyewe. Habari za daraja hajauliza. Kamba hajauliza. Anataka kujua kitu kimoja tu: huyo binti amesalimia watu?

Yunia ananiangalia. Nimeinamisha kichwa, nakumbuka ule mkono wangu wa asubuhi. Wanaume wa kamba wamesimama, nao wanangoja. Yunia amefuta odi mdomoni, ameweka viganja pande mbili za mdomo, anavuta pumzi — anacheka: mpaka mbuzi! Anavuta tena —