Abiria wa Njia ya Nangwa

Kambi ya Shamba la Ngano, Basotu
12 Februari 1984

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo Mama. Habari za Dongobesh, na mguu unaendeleaje? Mimi bado napika kantini ya shamba. Afya ipo, moyo ndio haujakaa sawa.

Mama, kuna jambo nimekuficha tangu Krismasi. Hermani, dereva aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wangu, anasema ni lazima ulijue. Nicodemo anaonekana. Madereva wa malori ya ngano wanamkuta njia ya Nangwa, pale lori lake lilipopinduka. Si usiku, Mama, ni mchana kweupe. Amevaa koti lake la kaki, anapunga mkono, anaomba lifti. Anasema, "Nifikishe nyumbani Dongobesh," halafu anakaa kimya. Wakikaribia njia panda ya Dareda, barabara ya kwetu inapoanza kupanda mlima, dereva anageuka anakuta kiti kitupu.

Wengi wamemwona. Mimi nimekwenda kusimama pale Jumapili baada ya Jumapili, sijaona kitu.

Mkamwana wako,
Zita

Dongobesh
4 Machi 1984

Mwanangu Zita,

Marahaba. Mguu ni ule ule, na maharage yamenyauka kwa kukosa mvua. Tunamshukuru Mungu tunaamka.

Barua yako imeniliza, ikanifurahisha, ikaniliza tena. Mwanangu anaomba kuletwa nyumbani, na katika magari yote hayo hakuna la kumfikisha? Mlimzika Katesh kwa sababu mvua ilikata barabara. Sikukulaumu siku zile na leo sikulaumu. Lakini mtu aliyezikwa bila mama yake kumtupia udongo, atatuliaje?

Padre ameniambia nisali na niachane na mambo ya mizimu. Nasali. Pia nimefagia chumba chake na kutandika kitanda.

Mwombe Hermani ampandishe mlima mpaka huku. Na wewe panda humo garini. Wewe ni mke wake, akikuona hatashuka.

Mama yako,
Bernadina

Kambi ya Shamba la Ngano, Basotu
20 Mei 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imewafikia sasa. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Tulikwenda, Mama. Hermani alikubali kwa shida, maana kulipeleka lori la shamba lisikotumwa ni kutafuta kufukuzwa. Tuliondoka mchana. Mama mmoja wa Kibarabaig, anayetuuzia maziwa, alipanda nasi hadi Katesh. Nilipomwambia ninakokwenda hakushangaa. Alisema, "Makaburi ya wazee wetu yamepitiwa na trekta, juu yake ni ngano. Wa kwenu angalau ana barabara."

Tulipofika njia ya Nangwa, Hermani akasimamisha gari. Mimi niliona majani na vumbi tu. Akapitisha mkono mbele yangu, akafungua mlango.

"Sogea, Zita. Anapanda."

Nikasogea katikati. Hermani akasalimia, akanyamaza kama mtu anayejibiwa, akaondoa gari. Niliweka mkono kwenye kiti kando yangu. Kilikuwa na joto la jua, basi.

Nikasema, "Nicodemo, mume wangu, ni mimi."

Hermani akakaza macho barabarani.

"Amesema nini?"

Nikamshika bega. "Hermani, amesema nini?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Anauliza," akasema, "anauliza mama huyu ni nani."

Nilimtajia jina langu. Nikamtajia Basili, mtoto wetu tuliyemzika. Nikamkumbusha harusi, na ule wimbo alioukosea kanisani watu wakacheka. Nilisema mpaka sauti ikakauka, na kila nilipomtazama Hermani, alikuwa anatikisa kichwa.

Dareda hatukusimama. Hermani alikata kona, akaanza kupandisha mlima gari likinguruma. Hatukufika mbali. Akasema, "Ameshashuka." Nikamwambia tugeuze.

Ndiyo maana siku ile niliyokutumia salamu kwamba tunakuja hatukutokea, na najua ulikuwa umepika. Tandua kitanda, Mama. Anayeomba lifti pale amebaki na jina la Dongobesh mdomoni tu. Hajui tena ni kwa nani.

Hermani ameacha udereva. Madereva wengine wakimwona Nicodemo sasa wanakanyaga mafuta.

Mkamwana wako,
Zita

Dongobesh
10 Juni 1984

Mwanangu Zita,

Marahaba, na pole. Sisi wazima, baridi tu ndiyo kali.

Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena. Mliposhindwa, mlishindwa, sina neno. Ila umeniandikia mengi na kuna moja umeliruka. Katika majina uliyomtajia mle garini, je, la kwangu ulimtajia? Ulimwambia kwamba mama yake Bernadina anamngoja? Alisemaje?

Niandikie, hata neno moja. Usinionee huruma.

Mama yako,
Bernadina

Dongobesh
2 Septemba 1984

Zita mwanangu,

Salamu. Nimekwenda posta Julai yote na Agosti yote. Watu waliotoka Katesh mnadani wanasema wamekuona, u mzima, na bado uko kantini. Nimefurahi kwa uzima wako.

Basi nimeelewa. Usijibu.

Mama