Kilichofura Shambani kwa Mama

S.L.P. 47,
Sindo.
8 Mei 2025.

Mpendwa ndugu yangu Nashon,

Pokea salamu za dada yako Pamela kutoka hapa Sindo, ambako mvua inanyesha mpaka samaki wa omena hawakauki. U hali gani huko Qatar? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na lile joto? Sisi tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu, ingawa mwaka huu tunamshukuru huku tumekunja uso.

Barua hii anakuletea Boaz, anayerudi kazini huko Jumamosi. Najua utacheka kwamba bado kuna mtu anayeandika kwa kalamu. Ningefanyaje? Kila nikikupigia, nikitaja tu jina la mkeo, unasema mtandao ni mbaya. Nimeandika Kiswahili badala ya Kijaluo makusudi, ili mkeo Mourine, asiyesoma Kijaluo, aisome kwanza. Mambo yenyewe ni ya mwili wake, na amenipa ruhusa.

Mama alikwambia kwamba mkeo anazika dawa shambani. Sitasema Mama ni mwongo, alichokiona alikiona. Mvua kubwa ya Aprili ilipopita, udongo nyuma ya nyumba yenu ulikuwa umepasuka, na kati ya mahindi ulitokeza uteute unaong'aa, mwingi, kama mayai ya chura. Mama akachimbua kwa jembe, akakuta vifurushi vya matambara. Akapiga yowe. "Huyu msichana wa Wakuria anapanda nini kwa boma yangu?" Kufikia jioni kila mtu alikuwa na jibu lake. Baba mdogo Zablon akaanza kupanga safari ya kwenda kwa Mzee Wangwe, baba yake Mourine, kudai ng'ombe wetu wa mahari. Na wewe ukajibu kwa simu kwamba arudishwe kwao.

Niliitwa nije nishuhudie uchawi. Nikainama, nikaushika ule uteute, nikataka kucheka. Mama yeyote aliyelea mtoto siku hizi anaujua. Emmaculate wangu alipokuwa mchanga, pampers yake moja ilijificha kwenye nguo nikailoweka pamoja nazo kwenye beseni. Ikapasuka, na kutwa nzima nilikuwa nakung'uta uteute kwenye mashati ya baba yake.

Nikaagiza pampers mpya dukani, nikaipasua mbele yao wote, nikakung'utia kwenye bakuli ule unga mweupe ulio ndani. Haukujaa kiganja. Nikamimina kikombe cha maji. Yakamezwa yote, unga ukafura, na nilipopindua bakuli halikuanguka hata tone. Baba mdogo alirudi nyuma akakanyaga kuku. "Hiyo ndiyo dawa yenu," nikawaambia, "inauzwa kila duka." Unga wa namna hiyo umo hata kwenye pedi, na kule Lambwe bwana shamba aliwapa watu wachanganye na udongo wa miche ili unyevu ukae. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Ndipo Mama akauliza, kwa sauti ya chini, "Pampers ya nani? Hapa hakuna mtoto."

Kicheko kiliniishia. Kweli hakuna mtoto. Mtoto wenu tulimzika mwaka jana, wewe ukiwa huko.

Nilikwenda kwa Mourine nikafunga mlango. Nashon, tangu siku zile alizokaa na uchungu wa kuzaa huku barabara imekatika na gari halipatikani, mkojo haumshiki. Uchungu wa muda mrefu ulimtoboa ndani, na daktari anauita ugonjwa huo fistula. Mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana. Aliniambia akitazama sakafu: "Dada, mkojo haunishiki kabisa. Nikivaa hizi, hakuna mtu anajua." Za watu wazima ni ghali, kwa hiyo huunganisha mbili za mtoto. Kuzichoma aliogopa, maana ameambiwa ukichoma kitu cha mwili wako hutazaa tena. Chooni Mama alishakataza kutupa pedi na takataka, kwamba zinajaza shimo. Akabaki na jembe.

Aliyetengeneza pampers hizo alizitengeneza vizuri mno. Mwaka mzima wifi yangu amekaa nasi kanisani, amepika kwenye misiba, ameanika omena nami bega kwa bega, wala hatukujua. Zingekuwa mbovu kidogo angeshatibiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini angemwambia nani? Mume yuko mbali, mama mkwe ni mkali, na mimi mdomo wangu unaujua. Nimelia, Nashon, na bado nalia.

Mama hakuomba msamaha, unamfahamu. Lakini tangu siku hiyo yeye ndiye anayemchemshia maji ya kuoga. Baba mdogo ndiye hajalegea. Anasema mke anayevuja ni sababu kubwa zaidi ya kudai ng'ombe, na kwamba anangoja neno lako tu.

Madaktari wa fistula wanakuja Homa Bay wiki ijayo, na matibabu ni bure. Mourine atapasuliwa Jumatano. Wanasema wengi hupona, ila si wote. Siku nilipompeleka kupimwa, daktari alimwuliza mumewe anasemaje. Akajibu bila kusita: "Yuko kazini Qatar. Amesema nitibiwe, ananingoja." Mimi nikatazama dirishani. Ulisema hivyo lini? Siku ile Mama alipokupigia simu aliweka sauti kubwa, na Mourine alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alisikia kila neno.

Mama anakusalimu na kuuliza kama unakula vizuri. Emmaculate anakusalimu, sasa yuko darasa la tano na anajiona mkubwa kuliko mimi. Nisalimie vijana wote wa nyumbani mnaokaa nao huko. Mungu akukinge na jua hilo, akupe nguvu za kazi, na akulainishe moyo.

Hela sitaki. Mpigie mkeo kabla ya Jumatano, yeye, si mimi. Usimwache wifi yangu alale kwenye kitanda cha upasuaji akiwa amemdanganya daktari.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Pamela