Kila Alhamisi Nukta ya Baba Mkwe Ni Nyekundu

Anti Glenys mpendwa, naomba unisaidie kabla dalali wa ng'ombe hajafika Jumamosi. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, nimechumbiwa na Callum, ambaye baba yake, mzee Merv, anakamua ng'ombe hapa mkoani Taranaki tangu kabla sijazaliwa, na mwaka huu chama chetu cha wafugaji kiliniomba niwatengenezee grafu ya kuonyeshwa kwenye televisheni ya klabu ya raga kila Alhamisi, kila shamba na nukta yake, maziwa yakiwa na chembe nyingi za ugonjwa wa kiwele nukta inapanda, nami nikaona nukta za rangi moja zinachosha macho, nikatumia maktaba moja nzuri ya kuchorea grafu, yaani programu iliyokwisha andikwa na wengine, ambayo unaiambia tu, tazama namba za wiki hii, iliyo ndogo kuliko zote iwe kijani, iliyo kubwa kuliko zote iwe nyekundu, za katikati zipite kwenye njano na rangi ya machungwa, na yenyewe inapaka bila mimi kugusa kitu, na siku ya kwanza watu walipiga makofi Anti, nilijisikia raha sana.

Shida ni kwamba kila Alhamisi nyekundu inamwangukia Merv. Hata wiki ile kiwanda kinachonunua maziwa yetu kilipotupongeza kwa kuwa hakuna shamba lililokaribia kikomo cha chembe, yeye alikuwa nyekundu. Majirani wanamwita Taa ya Breki, kuna mtu kamtundikia soksi nyekundu getini, na yeye ambaye hakuwahi kukosa bia ya Alhamisi sasa anakaa nyumbani na mbwa wake. Jumapili alituita kula kondoo wa kuoka, akanikatia kipande kikubwa kuliko cha mwanawe, nikajua hapa kuna jambo. Kweli, akaweka kisu chini.

"Binti, sikuombi kijani," akasema. "Nipe njano tu, kama wenzangu. La sivyo nauza ng'ombe wote. Siwezi kuamka alfajiri kila siku ili nichekwe na vijana niliowafundisha kukamua."

Nikadhani anatania, kumbe dalali ameshaitwa. Callum na mimi tulipanga kulichukua shamba hilo baada ya harusi, na bila ng'ombe litabaki majani matupu. Callum ananibembeleza, "Mpe mzee njano yake, mpenzi, nani atajua?" Lakini mimi nitajua, Anti. Rangi inatoka kwenye namba, simwonei mtu wala simpendelei mtu, na nikimpaka mmoja kwa mkono leo, kesho nitamkatalia nani? Nampenda sana mzee huyu. Nimwambieje kwamba namba ni namba?

Mkwe Mtarajiwa

Mkwe Mtarajiwa, futa machozi unisikilize. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa, nikataka kumkemea Merv hapa hapa gazetini. Niliposoma mara ya pili chai ilinipoa mkononi. Programu sizijui, lakini nimekulia kwenye banda la kukamulia, na foleni naijua nikiiona.

Unasema rangi inafuata namba. Si kweli, binti yangu. Inafuata foleni. Umeiagiza mashine impake nyekundu yeyote aliye mwisho, hata kama wa mwisho naye ni mzima wa afya. Mwalimu gani humchapa wa mwisho darasani ilhali darasa zima limefaulu? Kiwanda kimewapongeza wote, wewe umemtundika mmoja ukutani, halafu unajisifu kwamba humwonei mtu. Merv akiuza ng'ombe wake Jumamosi, Alhamisi mashine yako itamtafuta mwingine.

Kwa hiyo mzee alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini dawa aliyoiomba ni mbaya, na Callum mwambie anyamaze. Usiiguse nukta ya baba yake kwa mkono, maana ugonjwa ukiingia kweli kwenye viwele, Merv ndiye wa kwanza anayehitaji kuiona nyekundu, na aiamini. Kaa kwenye kompyuta yako leo, iambie hiyo maktaba mipaka ya kweli, ile ya kiwanda: chini ya hapa ni kijani, hapa tuwe macho ni njano, ukivuka kikomo nyekundu. Kila namba ipimwe kwa kikomo, isipimwe kwa jirani. Wewe mjuzi, haitakuchukua muda mrefu kuliko kulia.

Kisha vaa mabuti, nenda bandani kwa Merv wakati wa kukamua, kabla ya dalali, umwambie kwa mdomo wako kwamba kosa lilikuwa kwenye grafu na maziwa yake hayakuwa na kosa. Usimtumie Callum. Na kwa kuwa mzee alichekwa mbele ya watu, maneno hayo hayo uyaseme klabuni, mbele ya televisheni, na yeye akiwepo. Utaona haya, najua. Utapona.

Na Alhamisi hiyo ukiwasha grafu usione nyekundu hata moja, usirudi nyumbani kutafuta hitilafu. Haijaharibika. Ni kwamba wafugaji wote wamefanya kazi nzuri wiki hii, na ilikuwa hivyo tangu mwanzo.