Miguu ya Zaituni

Makote, Jumanne usiku

Leo nimempeleka mwanangu Zaituni kliniki, mimba yake ya kwanza, na nesi alipomwambia apandishe gauni nikaona miguu yangu mimi. Mishipa ileile ya buluu, imevimba na kujikunja nyuma ya goti kama mizizi.

Zaituni akaanza kulia. "Nesi, nimekanyaga dawa. Wamenitegea pale ninapokaangia chapati, Nanganga."

"Dawa gani, mdogo wangu? Unasimama kutwa, una mimba, na mishipa hii hufuata ukoo. Mama Zaituni, kwenu nani anayo?"

Marehemu mama alikuwa nayo. Tulisema amekanyaga tego la wachawi kwenye njia ya mikorosho, na yangu ilipojitokeza nikaambiwa ni tego lilelile. Nikaificha kwa kanga, hata mtoto asione. Lakini Zaituni hajawahi kupita njia ile!

Kumbe miezi yote hii mwanangu analala na hofu peke yake, na mimi na yangu...

Nesi kasema asisimame sana, na akipumzika ainue miguu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, arudi haraka. Hilo ndilo linalonitisha.

Jioni, mkekani, nikafunua kanga mpaka gotini. Akatazama, akashika mdomo. "Mama! Yako mibaya kuliko yangu!" Akacheka, kwa mara ya kwanza leo.

Sasa amesinzia, miguu yake mapajani mwangu. Ndiyo maana mwandiko umepinda.