Mama Alivyochelewa Mezani

Isipingo, Durban

Furaha, mjukuu wangu,

Amani ya Bwana ikukute huko Amerika, na baridi isikushinde. Sisi tuko. Shangazi yako bado anasuka nywele saluni, na goti langu linaniuma kama kawaida. Siku ya uchaguzi wa hapa majirani wote walienda kupanga foleni, mimi nikabaki uani nikiwachungia milango. Eish, walirudi wakionyeshana wino kwenye kidole gumba. Mimi mkimbizi, miaka yote hii hakuna aliyeniuliza ndiyo wala hapana.

Sasa wewe unaniuliza umchague nani kwenye karatasi yenu ndefu ya kura, na lile swali la kuongeza kodi ya shule ujibu nini. Nitajuaje, mwanangu?

Nikuambie tu ya mama yangu. Nilikuwa msichana, kule kwetu Uvira, nikamsindikiza siku ya kura. Mgombea alikuwa mmoja, rais mwenyewe. Mezani iko kadi za kijani za ndiyo na nyekundu za hapana, na askari anaangalia mkono wa kila mtu. Watu walinyakua ya kijani wakapita. Mama akasimama. Akaangalia ya kijani, akaangalia nyekundu, akarudia tena.

"We mama, unangoja nini?" askari akafoka.

Mwishowe akachukua ya kijani, kama wote. Njiani nikamuuliza kwa nini alichelewa vile.

"Nilitaka wanione nikifikiri."

Wewe hauna askari juu ya mkono wako. Ukiingia mle kupiga kura, usiharakishe. Walio nyuma wakiguna, waache wagune. Simama pale muda ambao watu watatu wangemaliza kupiga kura.

Koko wako, bibi yako