Ukingo wa Bi Hidaya kwenye Viti vya Gari ya Mbio

Mke wangu Bi Hidaya,

Mie mumeo nina miaka themanini na moja, na asoamini aje anitazame mikono. Nimeishi kuliko cherehani zangu tatu, kuliko meno yangu yote ila manne, kuliko kila fundi wa viti vya gari aliyepata kushindana nami hapa Chake Chake, na wote walikuwa wakiniogopa. Nimeishi kuliko wewe pia. Hilo sikuliomba. Ulikuwa mdogo kwangu kwa miaka tisa, na tulivyopanga haikuwa hivi.

Kalamu naishika kama msharasi wa kutobolea ngozi, wajua. Kisomo cha watu wazima nilikiacha njiani kwa sababu mwalimu alikuwa akinisahihisha mbele za watu. Basi mistari ukiiona imepinda, jua nimeandika mwenyewe, sikumtuma mtu. Na nimeiacha barua wazi, asome atakaye. Utaona kwa nini.

Kuna gari imekuja kisiwani. Ya mbio. Milango miwili, viti viwili, imelala chini hata ukitaka kuingia unajishusha kama unayeingia kisimani. Mwenyewe ni Bwana Nassor, yule mtoto wa marehemu Mzee Khatib wa Chokocho, aliyekwenda Maskati nywele nyeusi na sasa amerudi na mvi na kitambi. Kaiegesha Gombani karibu na uwanja wa mpira, na kila alasiri watu wanakwenda kuitazama, wanaulizana itakimbilia wapi, maana ukikanyaga mafuta kidogo kisiwa kimekwisha. Lakini viti vyake vimeliwa na jua la Arabuni. Ngozi imepasuka kama nyayo zangu. Akatafutwa fundi. Na fundi ni nani Pemba hii kama si mie?

Tulianza na rangi. Yeye alitaka nyeusi. Nikamwambia, "Bwana Nassor, nyeusi kwa jua hili? Ukikaa na kikoi chako utaacha ngozi ya mapaja kwenye ngozi ya ng'ombe." Akasema basi nyekundu. Nikamwambia nyekundu ni ya bibi harusi. Tukavutana siku mbili, na wajua mie kwa kuvutana. Mwisho tukakubaliana rangi ya halua, ile ilopikwa ikaiva sawasawa. Akaagiza ngozi, ikaja kwa meli, laini hata nikainusa mbele yake bila haya.

Ikabaki kuchagua mshono. Simu yake imejaa picha. Kuna mshono wa almasi, kiti chote visanduku visanduku. Kuna wa mistari, kama godoro. Kuna ngozi ya vitobo vidogo ili mgongo upumue. Kuna uzi mmoja na kuna uzi pacha. Nikamwambia chagua, yote naiweza nimefumba macho. Akaizima simu.

"Mzee Hamad, hizi zote sizitaki. Nataka ule mshono wako wa gari ya baba. Ule wa ukingoni, wenye viua kama vya kofia. Nilipokuwa mtoto nikivihesabu kwa kidole tangu Chokocho mpaka Chake."

Mshono wako, alisema. Na mie nikamjibu, "Wangu huo. Nani mwengine?"

Nikageuka nikatazama pazia la chumbani, ulikokuwa ukikaa kushona nikiwa na wateja. Lilikuwa kimya.

Unalikumbuka pazia lile. Ilikuwa gari hiyohiyo ya Mzee Khatib, mie nina cherehani mpya na kiburi kipya. Ukanambia, "Bwana, hiyo si nguo. Ngozi ukiitoboa haizibi. Achanisha mitobo." Nikakwambia ushone kofia zako. Nikapitisha mshono wa karibukaribu, nikauona mzuri, nikaivuta ngozi juu ya sponji, ikachanika palepale kwenye mshono kama tiketi. Na ngozi nyingine hakuna. Nikakaa sakafuni kama mtu alopigwa. Ulichukua ukanda wa ngozi uliobaki ukautia kwa chini, ukavaa kastabini yako kidoleni, ukashona kwa mkono siku nne, kiua baada ya kiua, ukingo uleule uliokuwa ukinishonea kwenye kofia za Idi. Mzee Khatib alipokuja akapitisha kiganja, akasema, "Fundi, hii umeifanyaje?"

"Siri ya ufundi," nikamjibu.

Nyuma ya pazia ukakohoa.

Mchana ule uliniletea muhogo mtupu. Nikauliza mchuzi uko wapi. Ukasema, "Mwambie siri ya ufundi akupikie." Tukacheka hadi ukaketi chini. Na tangu siku ile ikawa ndiyo desturi yetu. Kila gari ya mtu mkubwa, mwili wa kiti wangu, ukingo wako, jina langu. Nikikuuliza huoni vibaya, unasema nyumba moja jina moja. Mie nililichukua neno hilo kuwa ruhusa. Siku hizi nikilikumbuka sina hakika kama ndivyo ulivyolisema.

Basi ngozi ya halua imelala mezani siku kumi na mie situlii. Nakaa, nainuka. Nakwenda Gombani kuitazama gari, narudi, nimesahau nilichokwendea. Zuwena binti yetu ananiuliza, "Baba, unatafuta nini?" Namwambia natafuta hewa. Nilijaribu kiua chako kwenye kipande kibovu, kikatoka kitu kama kovu la ndui. Na ngozi haizibi, ulinambia. Kila mtobo ni wa mara moja.

Sasa nakwambia jambo la kijinga nililofanya. Niliitoa kofia yako ya mwisho, ile uliyoimaliza ukiwa umeshaanza kuumwa, ukishona vitatu unapumzika, vitatu unapumzika. Nikachukua wembe. Nilisema nikifumua polepole nitauona uzi unavyopita. Kiua cha kwanza sikuona kitu. Cha pili sikuona kitu. Cha tatu nacho sikuona kitu, nikauweka wembe chini. Nimebaki na uzi kiganjani kama nywele zilizonyolewa, na kofia ina pengo hapa mbele, kwenye paji.

Nikaipeleka kwa Bi Mgeni, jirani yetu, mwenzako wa kushona. Nikamwambia imeliwa na panya.

Akaigeuza. "Panya gani huyu ana wembe, Mzee Hamad?"

Nikamwambia nautaka mshono wa marehemu, kuna kazi ya ngozi.

"Mshono wake au wako?"

Wallahi Hidaya, niliona aibu kama nimevuliwa nguo. Naye akaendelea kukaza uzi, hata hakunitazama. "Mie najua tangu gari ya Mzee Khatib. Ntaa mzima twajua, nyinyi wanaume tu ndo msojua. Ukipita umevimba kifua, sie twamtazama Hidaya, twacheka hata sindano zatuchoma."

"Na yeye akisemaje?"

"Akisema mwacheni, akivimba hulala vizuri."

Nikamwomba anishonee vile vitatu niende zangu. Akakataa katakata. "Alofumua ndiye atakaeshona. Kaa chini." Nikakaa. Mie Fundi Hamad, nilokuwa sikai chini kwa mwalimu, nikakaa mkekani nikatiwa kastabini kidoleni. Akanipiga mkono mara ngapi sijui. "Nkono wako nzito! Wavuta uzi kama wafunga mbuzi!" Siku tatu, kila siku kiua kimoja. Vimetoka vya kombo. Nikasema tuvifumue tena, akaniangalia, nikaacha.

Siku ya nne nikaivaa kofia nikaenda Gombani. Nikamkuta Bwana Nassor anafuta kioo. Nikamwambia mshono ule si wangu, haukuwa wangu hata siku moja, ni wa mke wangu. Nilidhani ngozi yake ataichukua pale pale.

"Bi Hidaya?" akasema. "Aliyekuwa akinipa maji nikija na baba?"

"Ndiye."

"Na huu sasa nani atanishonea?"

"Mwili wa kiti nitashona uzi pacha, na huo ni wangu kweli, sina mpinzani, waulize. Ukingo nitashona wa kwake. Utakuwa wa kombo. Ukitaka almasi, Unguja mafundi wapo."

Akanivua kofia, mie mtu mzima, akapitisha kidole ukingoni. Alipofika kwenye vile vitatu kidole kikasita. Akanirudishia. "Anza na kiti cha abiria," akasema. "Ndicho nilichokuwa nikikalia mie."

Nimeshashona viua saba. Kabla ya kila mtobo nainuka, nazunguka chumba, narudi. Zuwena anasema naichakaza sakafu. Kazi hii haiendi mbio hata kama gari inaenda. Jina langu nimeshaliandika kwa chini ya kiti kama kawaida yangu, na safari hii nimeliandika la pili, lako, mbele ya langu. Herufi zimenipinda lakini zinasomeka.

Mungu akuweke kwenye nafasi na baridi, mke wangu. Ukikohoa nitasikia.

Mashahidi wa haya ni Bi Mgeni, aliyenipiga mkono, Bwana Nassor, aliyenivua kofia, na Zuwena, aliyeniona nafuta macho nikamwambia ni vumbi la ngozi. Asowaamini hao watatu na aje msikitini Ijumaa. Nitaivaa kofia, pale palipokuwa na pengo pakiwa mbele. Viua vitatu vya kombo hapo pajini ni vyangu. Vyengine vyote ni vyako.

Mumeo,
Hamad