Harufu ya Ndagala Haihami

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Cheektowaga tunaendelea vizuri. Babu yako bado anagombana na theluji mlangoni. Unauliza kama kampuni yako ya ukalimani uiandikishe katika jimbo jingine lenye kodi ndogo, ingawa unatafsiri kwenye hospitali za Columbus.

Bon, sikiliza: nikiwa msichana Uvira nilikuwa nauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Siku moja nililipa ushuru soko dogo, ambako mtoza ushuru alikuwa mjomba wangu, kwa bei ya kindugu, kisha nikaenda kuuzia soko kubwa. Mtoza ushuru wa pale alisoma risiti yangu ya soko dogo, akacheka: "Dada, mbona harufu iko hapa?" Nikalipa mara ya pili.

Sauti yako inafanya kazi Columbus, na kodi itaifuata hapo. Muulize mhasibu. Mimi nipigie simu tu. Hiyo sauti haina ushuru.

Nyanya yako